Nitapata wapi nakala za Sahifa na Al-Islah? Naomba ushauri

Kijana_wa_Kibokoni: Asalaam aleikum wanajamvi. Tasnifu yangu ya historia yahusu magazeti ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Sahifa ya 1930 na Al-Islah, iliyoanza hapa Mombasa 1932 kwa Kiswahili na Kiarabu. Vitabu vyayataja sana, ila magazeti yenyewe siyapati. Nasikia baadhi ya nyumba za Mji wa Kale zimehifadhi nakala. Kuna mzee nilimwendea, akanikaribisha kahawa, tukazungumza mpaka magharibi, karatasi sikuoneshwa. Niingilie mlango gani? Na nikipata, naruhusiwa kupiga picha?

BintiMvita: Umesoma Uwongozi? Ndicho kitabu kilichokusanya makala za Sahifa. Wachapishaji Brill walikitoa tena 2017, Kiswahili na Kiingereza pamoja, kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako. Anzia hapo, ila usiishie hapo. Zile ni makala teule, na wewe mwanahistoria wataka hata zilizoachwa. Pia tafuta jarida la Al-Manar la Rashid Rida, la Cairo. Sheikh alikuwa msomaji wake, na bila hiyo hutajua hoja zake za islahi, yaani marekebisho ya dini na jamii, zatoka wapi.

Mpekuzi_Tudor: Wazee waache wapumzike. Chukua leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, uende Nyaraka za Taifa, Nairobi, kwenye majalada ya Mkoa wa Pwani. Sheikh alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947, lazima serikali iliandikiana naye.

Mama_Swafiya: Mpekuzi, huko atapata barua za DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Yeye ataka gazeti.

Mwanangu, kahawa ya kwanza ni ya kujuana, wewe ukataka na kabati lifunguliwe? Kwetu vitabu vya marehemu babu viliazimwa na "mtafiti" mmoja, mpaka leo twangoja. Kwa hiyo neno kuazima usilitamke. Rudi na mtu wa ukoo ule, au mwanafunzi wa madrasa anayejulikana pale mtaani. Omba kusoma papo hapo, barazani, mwenyewe akikuona. Akiridhika ndipo uombe picha, na picha zote umwachie nakala kwenye flashi. Ulizia na gazeti la Sauti ya Haki la Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Hilo ni la miaka ya 1970, wenye nalo ni wengi zaidi, na aliyeweka hilo huenda kaweka na la zamani.

Tena jizoeze kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Usije ukafunguliwa kabati ukabaki kukodoa macho.

Wakili_Nyali: Kuhusu picha: sheria ya Kenya hulinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada yake. Aliyefariki 1947, ulinzi wake uliisha mwisho wa 1997. Tafsiri ya Brill ina haki zake mpya, hiyo usiitoe fotokopi nzima. Lakini karatasi iliyo kabatini ni mali ya mtu. Akikataa, amekataa.

Kijana_wa_Kibokoni: Shukran sana. Mama Swafiya, huyo mzee ana mkwe ninayemfahamu, nipitie kwake?

Mama_Swafiya: Mkwe, hapana, atamtia mzee haya za bure. Tafuta mjukuu. Na uende baada ya swala ya Ijumaa, si usiku.