Friza ya wati 150 inakula uniti ngapi kwa siku? Tunagombana LUKU nyumba nzima

Mama Ubuyu:

Habari zenu wakuu. Nimepanga Mbagala, nyumba ya vyumba sita, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla). Nauza barafu za ubuyu na maji baridi, kwa hiyo nina friza chumbani. Mwezi uliopita tumenunua umeme wa elfu 60, yaani elfu kumi kumi mara sita, na nikaambiwa mimi peke yangu nitoe elfu 25 kwa sababu "friza ndiyo inamaliza umeme". Jirani mwenye hita ya kuchemshia maji ya kuoga ametoa elfu 8.

Sikatai kulipa. Nataka nilipe ninachokula, na nikisimama kwenye kikao cha Jumapili niwe na hesabu mkononi. Nimesoma kibandiko nyuma ya friza: 220–240 V, 150 W, 1.0 A. Tokeni nayo imeandikwa kWh. Nashindwa kuunganisha hizo wati na uniti. Mmoja hapa anasema wati 150 ni uniti 150, mwingine anasema uniti moja na nusu.

Halafu kitu kingine. Elfu kumi ya kwanza ya mwezi ilileta uniti 23.9, zilizofuata zote zilileta 28.1. Aliyenunua ile ya kwanza anashukiwa kwamba alikula hela. Naomba msaada, tafadhali kwa lugha ya mtu aliyeishia darasa la saba.

Fundi Waya:

Dada, anza na huyo anayeshukiwa, mtamuonea bure. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo shilingi 1,500. Inabaki 8,500. Nyumba yenu ipo kundi la bei la T1, uniti ni shilingi 292, ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1, inakuwa 356.24. Gawanya 8,500 kwa 356.24 utapata 23.86. Gawanya 10,000 utapata 28.07. Hajaiba mtu.

Sasa wati. Wati inakwambia kifaa kinakula kwa kasi gani. Uniti inakwambia kimeshakula kiasi gani. Ndiyo maana huwezi kugeuza wati kuwa uniti mpaka uniambie muda. Uniti moja, ndiyo hiyo kWh ya kwenye tokeni, ni kilowati moja ikila saa nzima, yaani wati 1,000 kwa saa 1. Taa ya wati 10 itamaliza uniti hiyohiyo kwa saa 100. Kwa hiyo: wati mara saa, gawanya kwa 1,000.

Friza yako ikila wati 150 saa 24 bila kupumzika ni uniti 3.6 kwa siku. Lakini haifanyi hivyo. Kompresa, ile mota ya friza inayonguruma, inawaka, ikifika baridi inakata, inapumzika, inawaka tena. Unachotakiwa kujua ni saa ngapi inawaka kweli.

Kijana wa Temeke:

Mbona rahisi, chukua ampea mara volti. 1.0 mara 230 ni wati 230. Kwa siku 5.5. Lipa tu dada.

Fundi Waya:

Hapana mdogo wangu. Volti mara ampea kwenye mota inakupa VA (voltiampea), na wati halisi huwa chini ya hapo. Kwa pasi au hita ungepatia, maana pale zinalingana. Kwenye kompresa kibandiko chenyewe kimeshakwambia 150 W, na mita ya nyumbani inahesabu wati. Ukimpigia 230 unamwongezea mwenzio nusu nzima ya deni.

Mama Ubuyu, usiamini hata kibandiko, pima. Nenda kwenye mita yenu, angalia pembeni ya kile kitaa chekundu kinachopepesa. Pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au namba nyingine. Kama ni 1000, kila kikiwaka mara moja mmekula sehemu moja ya elfu ya uniti. Omba wenzako wachomoe kila kitu dakika tano tu, friza iwe inanguruma, uhesabu sekunde kati ya mwako na mwako. Chukua 3,600 gawanya kwa hizo sekunde, hizo ndizo wati zako. Kama mita ni ya 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600.

Mama Ubuyu:

Nimerudi na majibu. Mita yetu ni 1000. Jumamosi asubuhi tulichomoa vyote, mwenye nyumba akiwepo. Nilishika simu nahesabu muda, binti yangu anahesabu miwako kwa sauti. Miwako kumi ilichukua dakika 4 na sekunde 20. Yaani sekunde 26 kila mmoja, wati 138.

Kisha tukaanza kusikiliza kompresa, saa 12 asubuhi mpaka saa 12 asubuhi ya kesho yake, tunaandika kwenye daftari imewaka saa ngapi imezima saa ngapi. Usiku tulipokezana. Jumla imewaka saa 14. Mchana karibu haipumziki kabisa, usiku ndiyo inatulia.

138 mara 14 ni 1,932, uniti 1.93 kwa siku, kama 58 kwa mwezi. Feni yangu ya wati 55 saa nane na taa mbili za wati 9 saa tano, zinaongeza kama uniti 16. Jumla 74, mara 356.24 ni 26,361. Kwa hiyo ile elfu 25 haikunionea, na nimesema hivyo mbele ya wote.

Ila na hita tuliiwasha. Kitaa kilipepesa chini ya sekunde mbili, wati 2,000 kamili. Mwenyewe anasema anachemsha dakika tano tu kwa siku, ndoo tatu, yeye na mkewe na mtoto. Hapo nimekwama, siwezi kumsimamia mlangoni.

Mwalimu wa Fizikia:

Huhitaji kumsimamia, ndoo itasema. Kupasha lita 1 ya maji nyuzi moja kunataka joule 4,186 (joule ni kipimo cha nishati). Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 27 za bombani mpaka 45 za kuoga ni 20 × 18 × 4,186, karibu joule milioni 1.5. Uniti moja ni joule milioni 3.6, maana wati ni joule moja kwa sekunde na saa ina sekunde 3,600. Basi ndoo moja ni uniti 0.42, na hita ya wati 2,000 inahitaji dakika 12 na nusu. Kwa dakika tano ndoo moja tu ingefika nyuzi 34. Ndoo tatu kila siku ni uniti 38 kwa mwezi, kama shilingi 13,500, kabla hajawasha taa.

Naomba kuuliza, ubuyu wako unaingia kwenye friza ukiwa wa moto?

Mama Ubuyu:

Ndiyo mwalimu. Nikishachemsha na sukari nachuja, nafunga kwenye vifuko, naingiza hapohapo ili uwahi kuganda.

Mwalimu wa Fizikia:

Hapo ndipo mchana wako unapoliwa. Lita moja kuganda, ikiwa imeshafika nyuzi sifuri, inatoa kilojoule 334 (kilojoule ni joule 1,000). Kuishusha kutoka nyuzi 70 mpaka 27 ni kilojoule 180 nyingine, na hiyo kazi hewa ingekufanyia bure. Weka vifuko kwenye beseni la maji mpaka viwe baridi mkononi, ndipo uingize. Halafu pima tena.

Mama Ubuyu:

Nimefanya wiki nzima, jana tukarudia daftari. Saa 11 badala ya 14. Nimepunguza uniti 12 kwa mwezi, kama 4,400. Jirani naye amekubali elfu 16, ile karatasi ya ndoo tumeibandika juu ya mita.