Ushauri wa haraka: niko Namche Bazaar, leo nipumzike au nisonge Tengboche?

Mkoba_Mzito (mleta uzi):
Wakuu, habari za asubuhi. Niko Nepal, kamji ka Namche Bazaar, mita 3,440, njiani kwenda kambi ya chini ya Everest. Kwa ratiba leo ni siku ya mapumziko: kuzunguka mjini, kunywa chai, basi. Mwenzangu anaona kuzurura madukani kutwa nzima ni kupoteza muda, anataka tuondoke leo leo kwenda Tengboche, kituo kinachofuata huko juu. Mji ni mzuri, nyumba zimepandiana kama viti vya uwanja wa mpira, na Everest tumeshauona asubuhi hii. Ila roho yangu haijatulia. Nijibuni upesi, mwenzangu anafunga mkoba.

Kiatu_Kikavu:
Baki. Panda Khumjung, kijiji kiko juu yenu hapo, ukaone shule aliyoianzisha mwaka 1961 Edmund Hillary, yule aliyefika kileleni Everest wa kwanza pamoja na Tenzing Norgay. Unarudi Namche kulala. Panda juu, lala chini, ndiyo kawaida ya huko, mwili uzoee hewa nyepesi.

Jogoo_wa_Lukla:
Mimi kilichonibaki kichwani ni uwanja wa ndege wa Lukla, wa kujia na kurudia. Njia ya kurukia ina mita 527, huku ukuta wa mlima, huku korongo. Wingu likishuka, hakuna ndege. Tulikaa pale tukisubiri mpaka tukawa tunaitwa kwa majina na wauza chai. Bwana mdogo, siku za akiba ziweke mwisho wa safari.

Mama_Njiani:
Mwanangu, umetueleza mji, umetueleza rafiki yako. Wewe mwenyewe u hali gani? Usiku ulilala?

Mkoba_Mzito:
Shikamoo mama. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Kichwa kinagonga kidogo tangu jana jioni, nadhani ni uchovu.

Mama_Njiani:
Marahaba. Umetapika?

Mkoba_Mzito:
Mara moja, usiku. Lakini nimemeza dawa ya maumivu na nimepiga hesabu: Tengboche ni mita 3,867, tofauti na hapa ni mita 427, haivuki zile mita 500 wanazosema usizidishe kati ya unapolala leo na ulipolala jana. Mpagazi ameshalipwa, ndege ya kurudi imeshakatwa. Nikienda mdogo mdogo naona itawezekana.

Supu_Moto:
Agiza supu ya kitunguu saumu, huko kila nyumba ya wageni wanayo. Mimi ilinisaidia sana.

Pumzi_Ndefu:
Supu anywe, ina maji na chumvi, lakini haitibu ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu akipanda juu haraka kabla mwili haujazoea. Mleta uzi, hizo mita 500 ni za mtu asiye na dalili. Kichwa kuuma pamoja na kutapika ni dalili, na mwenye dalili halali juu zaidi ya alipo mpaka ziishe. Halafu hesabu yako umeianzia katikati. Kama juzi mlilala Phakding, ile ni mita 2,610, kwa hiyo jana mlipanda mita 830 kwa mkupuo. Mwili bado unalipa deni hilo. Na Tengboche si kupanda mita 427 tu: mnateremka kwanza mpaka mtoni Phunki Tenga, ndipo mnaanza kupanda kama mita 600 bila nafuu.

Shahidi_wa_Pili:
Jamani, hii ni chai. Nimelala Namche. Ukiwa mjini Everest huuoni, milima ya karibu imeuziba. Mtu anaumwa, anatapika, halafu anaandika na tarakimu zote hizo? Tupia picha.

Kiatu_Kikavu:
Hapo kwa Everest kuna hoja.

Mkoba_Mzito:
Sikusema niliuona nikiwa kitandani! Tulipanda alfajiri kwenye sanamu ya Tenzing Norgay, karibu na ofisi za Hifadhi ya Sagarmatha. Pale Everest unachungulia nyuma ya ukuta wa mlima Nuptse, na mlima Lhotse pembeni. Tarakimu zipo kwenye ramani iliyobandikwa ukutani hapa. Picha intaneti inagoma kupandisha.

Shahidi_wa_Pili:
Sawa, pale unaonekana. Picha bado naisubiri.

Pumzi_Ndefu:
Picha baadaye. Ulipanda huko na kichwa kinauma? Kilizidi?

Mkoba_Mzito:
Kilizidi. Wakati wa kushuka zile ngazi za mawe mwenzangu alinishika mkono.

Mama_Njiani:
Alikushika kwa nini? Simama sasa hivi, tembea sakafuni mstari mmoja, kisigino kiguse vidole vya mguu mwingine. Uje useme.

Jogoo_wa_Lukla:
Na huyo rafiki anayefunga mkoba naye aonywe. Safari ni watu.

Mkoba_Mzito:
Nimetembea mara mbili, sikuyumba. Mwenye nyumba ananitazama, naye ananikatalia kuondoka.

Pumzi_Ndefu:
Afadhali. Basi hupandi, na Khumjung nako leo usiende. Kaa, kunywa maji, pombe hapana, wala vidonge vya usingizi. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi umekaa tu, mnateremka saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, na mtu wa kukushika.

Mkoba_Mzito:
Nimewaelewa, nabaki. Ila mwenzangu anataka kutangulia, tukutane Tengboche keshokutwa. Nimwache aende?

Mama_Njiani:
Hapana, mwanangu. Mwenye dalili haachwi alale peke yake. Mwambie aushushe mkoba. Kesho Jumamosi, ukiamka vizuri, mwende wote sokoni.