Gemu gani inampa tanki bildi zaidi ya moja? WoW, FFXIV, ESO ama Albion

MwambaWaNgala
Assalaam aleikum wana gemu. Mimi kazi yangu ni tanki, kupiga kwa mbali sipendi na kuponya siwezi, napenda kusimama mbele nile kichapo wenzangu wapate nafasi. Nnachotaka tulinganishe ni hiki: mbona mshambuliaji ana bildi (mpangilio wa skili na vifaa) tano sita za kuchagua, moto, barafu, sumu, pinde, halafu tanki akitafuta mwongozo waambiwa vaa hivi, chukua talenti hizi, basi, ukiona tofauti ni pointi mbili tatu? Sisi ni pati ya watu watano, watatu Malindi wawili Amu, twataka kuhamia gemu moja sote na wenzangu wako tayari kwenda popote mradi tanki niwe mimi. Kati ya gemu hizi za mtandaoni, WoW (World of Warcraft), FFXIV (Final Fantasy XIV), ESO (The Elder Scrolls Online), Guild Wars 2 na Albion, wapi tanki anachagua kweli? Mmoja wetu hana kompyuta, yuko na simu tu, hilo pia mlipime.

BintShela
Waaleikum salaam kaka. Naanza na WoW manake ndiyo nnayoijua. Kuna tanki sita, na wallahi hawafanani hata kidogo. Brewmaster, tanki wa Monk, hali pigo lote papo hapo, skili yake Stagger inalikatakata analipa pole pole, kwa hivyo muda wote waangalia deni lako limefika wapi. Blood Death Knight aacha apigwe kwanza kisha skili yake Death Strike inamrudishia damu kulingana na alichopigwa ndani ya sekunde 5 zilizopita, ukiibonyeza mapema umeitupa, ukichelewa umekufa. Warrior na Paladin wana ngao lakini mdundo wao ni mwingine, halafu kuna dubu wa Druid na Vengeance Demon Hunter. Kwa hivyo ukisema hakuna aina nyingi sikubali. Ila ndani ya klasi (aina ya mhusika) moja, hapo uko sahihi. Nyongeza ya gemu iitwayo Wrath ilipotoka 2008 Death Knight aliweza kuwa tanki kwa miti yote mitatu ya talenti, Cataclysm ilipokuja 2010 ikabaki Blood peke yake. Miti ya talenti waliirudisha kwa Dragonflight 2022, na 2024 wakaongeza talenti za shujaa, wachagua moja kati ya mbili, lakini ukiingia Mythic+, zile danjeni (ngome za maadui) ngumu za kushindana na saa, na ile isiyopendwa watu wakuuliza maswali.

JahaziLaAmu
Yakhe shida si uvivu wa watengenezaji, ni hesabu yenyewe. Bosi ana pigo moja kubwa, ama bildi yako inalihimili ama hailihimili. Kama hailihimili hiyo si bildi, haiwezi kuchezwa. Na kama bildi tatu zote zinalihimili basi kila mtu atachukua ile inayopiga zaidi, manake uhai ukishatosha hauna faida kuuongeza. Mshambuliaji akichagua bildi dhaifu bosi anachelewa kufa dakika moja, tanki akichagua bildi dhaifu pati nzima inalala chini. Nani atamruhusu tanki ajaribu? Ndo maana tanki anabanwa kuliko wote, na ndo maana mimi nasema usitafute gemu yenye njia nyingi za KUISHI, tafuta gemu ambayo tanki akishaishi ana njia nyingi za KUSAIDIA. Hapo ndo kuna uchaguzi.

MaalimFF
FFXIV nitaisema kwa uaminifu kwa sababu naipenda: bildi hakuna. Tanki wanne, Paladin, Warrior, Dark Knight aliyekuja 2015 na Gunbreaker wa 2019. Wote wana Rampart, wote wana Reprisal, skili za kupunguza pigo, wote wana skili moja ya kutokufa. Talenti hakuna kabisa, unachochagua ni materia (vito) za kubandika kwenye vifaa, na hata hapo ile Tenacity iliyowekwa kwa ajili ya tanki watu wanaikwepa wanachukua Critical Hit ya kupiga kwa nguvu. Lakini sikiza kaka, faida yake ni kwamba mhusika wako mmoja anajifunza kazi zote, leo Paladin kesho Gunbreaker, na hakuna atakayekukataa kwa sababu ya klasi uliyochagua. Mtu anaweza kuanza bure hadi leveli 70. Kama raha yako ni kujua pambano lenyewe kwa moyo, njoo. Kama raha yako ni kukaa na vifaa ukipanga na kupangua, hapana, utachoka.

KasaWaWatamu
Guild Wars 2 mimi naitoa kwenye meza mapema. Ilitoka 2012 bila tanki kabisa, redi (mapambano ya makundi makubwa) zilipokuja 2015 baadhi ya mabosi wakawa wanamfuata aliye na Toughness (uimara) nyingi, basi huyo ndo tanki. Gemu nzuri, ya msingi haina malipo, dunia yake inapendeza, lakini kwa pati ya watu watano hutafanya kazi unayoipenda. Ya kwako hapa ni ESO. Klasi yoyote inakuwa tanki, wabeba upanga na ngao, wamchokoza bosi kwa Puncture anakuangalia wewe sekunde 15, ama wachukua fimbo ya barafu. Na hapa alichosema JahaziLaAmu ndo kinaonekana: kuishi kwenye ESO ni kukinga na kutunza stamina, ukishajua hiyo seti zako za nguo si zako tena, ni za wenzako. Hii inawaongezea nguvu ya kupiga, ile inavunja deraya ya bosi, nyingine inawapa ulinzi. Kwenye redi za watu 12 tanki wawili wanakaa chini wanagawana nani avae nini. Na tangu 2025 kuna kuchanganya klasi, watoa hadi mistari miwili ya skili kati ya mitatu wachukua ya klasi nyingine.

BintShela
Kasa hiyo ya kuchanganya klasi mbona nasikia imewafanya watu wote wafanane?

KasaWaWatamu
Kwa washambuliaji lalamiko hilo lipo sana dada. Tanki naona kapata zaidi ya alichopoteza. Zamani ukitaka mnyororo wa kuvuta maadui wa mbali ulikuwa Dragonknight ama uende na skili ya Silver Leash ya Fighters Guild, sasa waupachika kwa klasi uliyonayo. Ila redi ngumu bado wana orodha yao, hilo siwezi kulikana.

MwanaLangoni
Jamani mwenzenu wa simu mmemsahau. ESO na WoW simu hakuna, na FFXIV hii ya kompyuta haiingiliki kwa simu. Albion iko kwenye simu tangu 2021, akaunti ni ileile, wa kompyuta na wa simu mwaingia pati moja, na ni bure kuanza. Klasi hamna, umevaa nini ndo wewe nani. Mimi ni tanki huko na niwaambie hakuna mahali nimechagua kama pale. Silaha ina skili za vitufe Q na W za kuchagua na E yake isiyobadilika, kisha kofia, deraya na viatu kila kimoja kina skili yako. Kwa silaha ya Grovekeeper waruka juu waangukia kundi la adui kuanzisha vita, Camlann wawavuta wote mahali pamoja ili wenzako wawamwagie, Incubus wampunguzia adui nguvu za kupiga. Hizo ni tanki tatu tofauti kabisa na mhusika ni yuleyule. Mnaingia danjeni watu watano wavaa hivi, mwaenda vita vya gildi wavaa vile. Sababu ni kwamba adui wengi ni watu, na binadamu hana pigo moja la kuhesabia, leo anakimbia kesho anakuvizia.
Ubaya wake mkubwa niuseme: maeneo mekundu na meusi ukifa vifaa vyote vimekwenda, anachukua aliyekuua. Kwa hivyo bildi yako lazima uweze kuinunua tena, usivae cha bei ambacho kitakuuma. Seva chagua ya Ulaya, ilifunguliwa 2024, kwetu huku ndo afadhali, manake tanki ndiye wa kwanza kuumia mtandao ukikwama, skili ya kinga ikichelewa nusu sekunde haina kazi.

JahaziLaAmu
Naunga mkono Albion kwa pati yao, lakini hilo la kupoteza vifaa si dogo, kuna watu linawatoa kwenye gemu. Waulize wenzako kwanza, mponyaji wenu hasa.

PwezaMtulivu
Nyongeza tu kuhusu WoW. Wao wenyewe walishaonyesha inawezekana, Season of Discovery ya 2023 kwenye Classic (WoW ya zamani) waliweka runi (alama za kuongeza skili) kwenye nguo na Warlock, Rogue na Shaman wakawa tanki. Watu waliipenda mno. Sijui kwa nini kitu kama hicho hakiletwi kwenye gemu kuu, hata klasi moja tu.

MwambaWaNgala
Ahsanteni sana, hasa Jahazi, ile ya kuishi na kusaidia imenifungua macho kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanikera nikakosa namna ya kukisema. Tumeongea na wenzangu, twaanza Albion seva ya Ulaya kwa ajili ya huyu wa simu, maeneo mekundu tutayaacha kwanza, na ESO tunaisubiri ishuke bei. MwanaLangoni, nianze na Grovekeeper ama Camlann?

MwanaLangoni
Hata moja, hizo zote ni za mbele huko. Anza na rungu la kawaida la mkono mmoja, ni rahisi na ukilipoteza hulii. Ingieni Ijumaa baada ya Isha nije niwaonyeshe danjeni ya kwanza.