Babu yangu wa Pangani kageuzwa "mfanyabiashara wa watumwa" ukutani kwa watu. Rudisheni picha zetu!

Wakuu salaam. Mods, naombeni uzi huu msiuhamishie kwenye utani, nina hasira za kweli.

Wiki iliyopita nilikuwa Tanga kikazi. Jamaa yangu akanialika chakula cha mchana kwenye hoteli moja ya ufukweni (siitaji, msinilazimishe). Ukutani wametundika picha kubwa kubwa za "Pangani ya kale". Ya tatu ukitokea mlangoni ni babu yangu mzaa mama. Kanzu, kizibao, kofia ya viua, mkono mmoja kaegemeza kwenye kiti cha studio, na kwenye mkono wa pili ile saa aliyonunua kwa mshahara wa ukarani wa shamba la mkonge. Chini yake wameandika kwa Kizungu kwamba huyo ni mfanyabiashara wa watumwa wa Pangani, karne ya 19.

Karne ya 19, na saa ya mkononi!

Babu kazaliwa 1921. Sultani Barghash alisaini kuifunga biashara ya watumwa ya baharini Juni 1873. Sasa huyo mzee alifanya biashara hiyo tumboni mwa nani, maana hata mama yake alikuwa bado hajazaliwa. Nilimwita mhudumu, akaniletea menyu.

Picha ilifikaje pale? Mwaka 2015 alipita kijana mmoja nyumba hadi nyumba, na kinachouma zaidi ni mtoto wa palepale, tunawajua mpaka shangazi zake. "Bibi, nazikopi tu, keshokutwa narudisha. Tunataka tuwe na makumbusho ya mji wetu." Wazee wakafungua masanduku. Bibi yangu alimpa picha kumi na moja ndani ya bahasha ya kaki, na chai akamnywesha. Mpaka anafariki 2019 alikuwa anauliza, "Yule mwanetu kesharudi?"

Makumbusho hakuna. Picha zikaanza kuibuka mtandaoni zimegongwa jina lake katikati ya nyuso za watu, ukitaka iliyo safi unalipia. Nilipompigia akaniambia, "Kaka, historia ni ya wote." Ikiwa ya wote, hilo jina lako kwenye pua ya babu yangu linatafuta nini?

Na tuelewane, sigombei picha ya ukumbusho wa familia peke yake. Pangani ndiko Zelewski wa ile kampuni ya Kijerumani, watu walimwita Nyundo, alikopandisha bendera ya kampuni Agosti 1888 na pwani nzima ikawaka. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani huo, alinyongwa palepale Pangani, Desemba 15, 1889. Hayo angalau yameandikwa. Ambayo hayajaandikwa popote ni maisha yaliyofuata: makarani na manamba wa mkonge, manahodha, wavusha watu kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kabla hakijawa kivuko cha injini, akina mama wa ngoma. Maisha hayo yalikuwa kwenye masanduku ya bibi zetu tu, na mtu mmoja kayakusanya kwenye mfuko wa rambo akatokomea nayo.

Kichekesho ni hiki. Nikitaka kuwaona Wajerumani waliotutawala, nafungua mtandao wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, wamepakia maelfu ya picha za makoloni yao, unatazama bure usiku kucha. Nikitaka kumwona babu yangu, nitume pesa kwa simu kwanza.

Kabla hamjanirukia: ndiyo, na sisi tuna madhambi yetu. Mjomba wangu mwenyewe aliuza mlango wa nakshi wa nyumba ya ukoo, akaweka geti la chuma la bluu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja mlango uliochongwa kabla ya 1940 kuwa kitu kinacholindwa, nikamsomea kifungu. Akaniuliza kama sheria inaezeka bati. Sikuwa na jibu, na yeye alikuwa na paa linalovuja. Lakini mjomba aliuza chake. Huyu kauza vya watu.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni nyuma ya ile picha. Bibi alikuwa hajui herufi za Kirumi, alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo aliandika kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: jina la babu, jina la baba yake, studio ya Tanga, na kwamba ilikuwa Iddi Mosi. Yote yapo pale. Kijana kaskani upande wa mbele peke yake, wa nyuma hakuusoma wala hakuutafutia wa kumsomea, halafu aliyenunua akajitungia.

Najua unasoma humu, maana jukwaa la historia hukosi. Sitaki pesa yako. Ile bahasha ya kaki iache kwa yule mzee wa duka jirani na kivuko, picha zote kumi na moja. Hoteli nimewaandikia barua, nimewapa hadi Ijumaa washushe yale maandishi.

Na wadau wa Pangani ambao bibi zenu nao walitoa picha mwaka ule, jitajeni hapa chini mlitoa ngapi.