Risiva (ile mashine ya kuendesha spika) ya bei poa ya kachumba ka sinema, nichukue gani?

Bamburi_1: Wadau, spika tano na subwufa ninazo tayari, za omu 6 (ukinzani wake wa umeme). Kuna jamaa aniuzia Yamaha ya mtumba kutoka Marekani, nichukue?

Fundi wa Majengo: Angalia nyuma kwanza ndugu yangu, ikiwa imeandikwa 120V tu usiichomeke, hapa kwetu ni 240V, bila transfoma utaichoma. Tafuta ya Uingereza.

Mamake Zuu: Na wati za kwenye boksi zisikubabaishe, wewe taka 5.1 (spika tano na subwufa moja) na tundu la HDMI lenye ARC, ili sauti ya tivii irudi kwa waya uleule, 7.1 ya spika saba kachumba kama hako ya nini?

Fundi wa Majengo: Kweli. Jaribu kila tundu kabla hujalipa, chumvi ya bahari yala sana vyuma. Na usiifungie kabatini, joto la huku walijua.