Kikundi cha Ukoo wa Vuga: Maandalizi ya Jioni ya Queen

Dada Rukia (London), Jumatatu, saa 2:10 usiku
Assalaam aleikum wazee wangu, ndugu zangu na watoto wetu. Niliandika mwezi uliopita na aliyenijibu ni Salma peke yake, kwa hiyo narudia. Tarehe 5 Septemba itatimia miaka 80 tangu azaliwe Farrokh Bulsara hapo Mji Mkongwe, yule mwimbaji wa Queen ambaye dunia inamwita Freddie Mercury, na kwa kuwa tutakuwa likizo nyumbani, napendekeza tukae barazani jioni hiyo tuwasimulie vijana safari yote ya bendi ya Queen, tangu ilipoundwa London mwaka 1970 hadi leo. Nasema bendi yote. Kila mara tunamsifu mmoja kana kwamba wenzake watatu walikuwa wakimbebea mizigo.

Salma, saa 2:31 usiku
Wa aleikum salaam, dada. Naomba nipewe miaka ya 1970.

Dada Rukia, saa 2:34 usiku
Imekuwa yako, ila usianzie kwenye wimbo wa "Bohemian Rhapsody". Waeleze kwamba albamu ya kwanza, iliyotoka Julai 1973, waliirekodi saa ambazo studio haikuwa na wateja wa kulipa, na kwamba kufikia 1975 walikuwa wanajulikana huku mifukoni hawana kitu. Ndipo wakaweka nguvu zao zote katika albamu ya nne, na wimbo huo wa karibu dakika sita, ambao waliambiwa hakuna redio itakayoucheza, ukakaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Nani anachukua miaka ya 1980? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Hamoud (Muscat), saa 3:05 usiku
Mimi naomba gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa bendi, basi. Alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963, shingo yake ikatokana na mbao za meko ya zamani, na mpaka leo analipiga kwa sarafu badala ya risha ya plastiki. Nimelitazama vizuri kabati la mvule la Bibi, na naona mlango wa kushoto unatosha kabisa kutoa shingo ya gitaa.

Mama Nuru, saa 3:07 usiku
Hamoud, siku utakayoligusa kabati hilo hutaonja tena pilau ya nyumba hii.

Salma, saa 3:09 usiku
Mwacheni, huenda akapata na udaktari wa falsafa kama mwenyewe, maana May alirudi Imperial College akaikamilisha tasnifu yake ya elimu ya nyota mwaka 2007, baada ya kuiacha zaidi ya miaka 30 kwa ajili ya bendi.

Hamoud, saa 3:10 usiku
Basi kabati nilichukue kwa sababu za kitaaluma.

Dada Rukia, saa 3:22 usiku
Nimeuliza kuhusu miaka ya 1980.

Dada Rukia, Jumanne, saa 1:40 asubuhi
Nauliza tena. Kikundi hiki kina watu wengi wanaosoma bila kujibu.

Kaka Seif (Dar es Salaam), Jumatano, saa 4:15 usiku
Miaka hiyo inakwepwa, nami najua kwa nini. Mnaitaka Wembley ya tarehe 13 Julai 1985, zile dakika ishirini na kitu ambazo waliuteka uwanja mzima katika tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Lakini miezi tisa kabla yake, Oktoba 1984, Queen walipiga muziki Sun City, Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini, wakati wanamuziki wa dunia walikuwa wameombwa waisuse Afrika Kusini ya makaburu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya waliovunja mgomo huo. Nchi hii iliwahifadhi wapigania uhuru, kwa hiyo hatuwezi kuwasimulia watoto Wembley tukairuka Sun City.

Dada Rukia, saa 4:28 usiku
Nakubaliana nawe neno kwa neno, na ningependa uyaseme wewe. Uongeze kwamba mwaka 2003 May na Roger Taylor, mpiga ngoma, walipanda jukwaani Cape Town katika tamasha la 46664, kampeni ya Mzee Mandela dhidi ya UKIMWI. Hilo halifuti la 1984, ila ni sehemu ya historia hiyo hiyo.

Kaka Seif, saa 4:40 usiku
Nitazungumza siku zitakaporudi santuri za marehemu Ami Hilal. Zilikuwamo za Queen alizozileta mwenyewe kutoka Uingereza. Tangu harusi ile ya Kikwajuni ninalaumiwa mimi, ilhali sanduku nililikabidhi kwa mtu ambaye yumo humu na amenyamaza.

Omari, saa 4:43 usiku
Ujumbe huu umefutwa.

Kaka Seif, saa 4:44 usiku
Nimeuona kabla haujafutwa.

Dada Rukia, Alhamisi, saa 12:50 asubuhi
Ndugu zangu, hata hao tunaotaka kuwasimulia walinuniana kwa jambo la namna hii. Upande wa pili wa santuri ya "Bohemian Rhapsody" uliwekwa wimbo wa Taylor, ambao ulimpa mrabaha sawa na ule wa upande wa kwanza, na maneno hayakwisha kwa miaka. Wote wanne walikuwa watunzi: May alitunga "We Will Rock You", Taylor akatunga "Radio Ga Ga", na John Deacon, mpiga besi aliyekuwa mkimya kuliko wote, akatunga "Another One Bites the Dust" iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1980. Kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na ugomvi wake. Walipofika albamu ya mwaka 1989 waliamua kwamba kila wimbo uandikwe kuwa ni wa Queen, bila jina la mmoja, na wakati huo Freddie alikuwa tayari mgonjwa. Hiyo ndiyo sehemu ninayotamani vijana waisikie kuliko Wembley.

Bi Zuwena, Alhamisi, saa 11:20 jioni
Ninamwandikisha Nuru, nanyi msome kwa utulivu. Mimi na kijana huyo Farrokh ni wa rika moja, ingawa sikumjua. Familia yake iliondoka mwaka 1964, yeye akiwa na miaka 17, na wengi tuliokuwa tukisalimiana nao asubuhi hatukuwaona tena. Mwaka 2006 watu walipanga kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, sherehe ikafutwa, na katika nyumba hii ndugu wawili wakaacha kupeana mkono mpaka mmoja wao akazikwa. Mnamjua. Kazi ya bendi hiyo isimulieni, lakini asiwepo wa kumhukumu marehemu mbele yangu. Barazani sitaki. Mtakaa ndani, baada ya sala ya isha.

Salma, Ijumaa, saa 3:00 asubuhi
Tumesikia, Bibi. Shikamoo.

Mama Nuru, saa 3:02 asubuhi
Shikamoo, Bibi.

Dada Rukia, Ijumaa, saa 8:15 mchana
Tumekusikia, Bibi, itakuwa ndani. Hamoud utaleta spika. Imebaki sehemu ya baada ya tarehe 24 Novemba 1991, siku aliyofariki Freddie.

Omari, Jumamosi, saa 5:30 usiku
Samahani kwa kuchelewa. Naomba sehemu hiyo niichukue mimi: tamasha la kumkumbuka pale Wembley mwezi Aprili 1992, albamu ya 1995 iliyokamilishwa kwa sauti aliyoiacha, Deacon kustaafu mwaka 1997, kisha mwimbaji Paul Rodgers, na Adam Lambert ambaye ameimba nao tangu mwaka 2011. Wapo wanaosema bila Freddie wangeliacha jina hilo. Mimi naamini May na Taylor walikuwamo tangu siku ya kwanza na jina ni lao pia. Kuhusu sanduku, nitampigia Kaka Seif.

Dada Rukia, saa 5:36 usiku
Ahsante, Omari. Kaka Seif, nikuandike kwenye miaka ya 1980?

Dada Rukia, Jumapili, saa 2:05 usiku
Kaka Seif?

Mama Nuru, saa 2:20 usiku
Niambieni basi tutakuwa watu wangapi, nijue kiasi cha mchele.