Kitabu cha 1783 karatasi bado ngumu, cha 1912 kinavunjika ukikishika tu. Mbona?

MkaziWaNjoro:
Wadau habari za jioni. Kuna nyumba moja ya zamani huku kwetu pande za Njoro walikuwa wanauza vitu vya ndani, meza, masanduku, na katoni mbili za vitabu ambazo hakuna mtu alikuwa anazitaka, mimi nikazichukua kwa bei ya kutupa. Vingi ni vya kilimo na riwaya za Kizungu lakini viwili vimenisumbua akili. Cha kwanza ni mahubiri, kimechapwa London 1783, jalada la ngozi limepasuka mgongoni lakini ndani karatasi iko sawa kabisa, ukiikunja kidogo inarudi. Cha pili ni riwaya ya 1912, jalada la kitambaa, kwa nje unaona ni kipya kuliko mwenzake, lakini ukifungua kurasa zimegeuka kahawia na kona ukiikunja mara moja inakatika inabaki mkononi.

Sasa najiuliza, si teknolojia huwa inaenda mbele? Hicho kikongwe kina zaidi ya miaka 200 na kimekaa katoni moja na huyu mdogo, vumbi ni lile lile, joto ni lile lile, mbona mdogo ndiye anakufa kwanza?

Tena kile cha 1783 kina mambo sijawahi kuona. Herufi s zingine zimechapwa karibu kaa f. Chini ya kila ukurasa upande wa kulia kuna neno moja limening'inia peke yake. Na ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unasikia herufi zimebonyea. Mwenye anajua haya mambo anisaidie, na aniambie pia nitaviwekaje visiishe.

FundiWaChapa (Kisumu):
Ndugu umegusa kitu napenda sana. Mimi kazi yangu ni kuchapa hapa Kisumu, kalenda, risiti, vitabu vya nyimbo za kanisa, karatasi ndio inanilisha. Jibu lako liko kwa karatasi yenyewe, sio kwa wino.

Hiyo ya 1783 imetengenezwa na matambara. Nguo kuukuu kabisa. Ulaya wakati huo kulikuwa na watu kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba wakinunua mashati na mashuka ya kitani yaliyochakaa, yanapelekwa kiwandani, wanawake wanakaa wanayachambua, wanatoa vifungo na mishono, wanakatakata, halafu vinaloweshwa na kupondwa kwa mashine inayozungushwa na maji ya mto mpaka inakuwa uji. Fundi anachota huo uji na fremu yenye waya nyembamba za shaba, anautikisa ndio nyuzi zishikane, maji yanachuruzika chini, inabaki karatasi moja. Moja! Hakuna karatasi kwa hicho kitabu ambayo haikupita kwa mikono ya mtu hivyo. Ikishakauka wanaichovya kwa gundi ya ngozi za wanyama zilizochemshwa ili wino usisambae. Nyuzi za kitani ni ndefu na ni imara, na hapo hujatia kitu cha kuzila, ndio maana bado inakunjika.

Karne iliyofuata ndio mambo yakabadilika. Watu wanataka magazeti, wanataka vitabu, Mfaransa Louis-Nicolas Robert alishabuni mashine ya karatasi 1798, London nako gazeti la The Times likaanza kuchapwa na mashine ya mvuke 1814, sasa matambara yatatoka wapi? Nguo za watu haziongezeki kwa sababu wewe umenunua mashine. Miaka ya 1840 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akapata njia ya kusaga mti kwa jiwe upate uji wa karatasi. Mti ni mwingi na ni rahisi lakini uko na lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, hiyo ndio inageuza karatasi kahawia, anika gazeti kwa dirisha lenye jua siku chache utaona mwenyewe. Juu ya hiyo, badala ya gundi ya ngozi walikuwa wanatia shabu (ile chumvi ya kusafishia maji) na utomvu wa msonobari, njia ambayo Mjerumani mwingine anaitwa Illig aliitangaza 1807, ilikuwa haraka na bei chini, lakini hiyo shabu inaleta asidi na asidi inakata nyuzi polepole, hata kitabu kikae kwa sanduku bila kuguswa. Kwa hivyo usilaumu vumbi la Njoro, hiyo riwaya ilizaliwa na ugonjwa wake.

Herufi kubonyea ni kwa sababu zilikuwa vipande vya madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, vinapangwa kimoja kimoja kwa mkono, vinapakwa wino, karatasi ikiwa imeloweshwa kidogo inagandamizwa juu yake na skrubu. Mimi siku hizi nachapa kwa pleti, wino unakaa juu tu, huwezi kusikia kitu.

MkutubiMstaafu (Kakamega):
Fundi umeeleza vizuri. Mimi nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi huku Kakamega na nina neno juu ya hicho cha 1912 kabla hamjakidharau.

Karatasi ya matambara ilikuwa ghali, na huko Uingereza serikali iliitoza kodi kuanzia 1712 mpaka 1861. Kitabu kaa hicho cha mahubiri kilikuwa mali ya kasisi, wakili, mwenye shamba. Mtoto wa mchimba makaa angekiona wapi? Ilipofutwa hiyo kodi na mti ukaingia kiwandani bei ikaanguka, na tayari sheria ya 1850 ilikuwa imeruhusu miji ichange pesa ya maktaba za umma, halafu sheria ya 1870 ikajenga shule za watoto wa watu wa kawaida. Hizo shule zilihitaji vitabu kwa maelfu, na vilichapwa kwa hiyo karatasi mnayoiona inakatika. Karatasi mbaya ndiyo iliyomfikishia maskini kitabu, na mimi hiyo naiheshimu sana. Hata huku kwetu, wamisionari Wakweka walipofika Kaimosi 1902 na shule ya Maseno ikaanzishwa 1906, ilikuwa ni katika enzi hiyo hiyo ya karatasi ya mti. Nimeona Biblia za akina babu zinafunguliwa kwa vidole viwili, vipande vinabaki mapajani, na hakuna mtu kwa hiyo nyumba angekubali itupwe.

Kuhusu kuvitunza mwanangu, kwanza usitie seloteipu hata kidogo, ile gundi inaingia kwa karatasi inaacha doa la manjano halitoki. Usipeleke kupigwa plastiki. Usiweke kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa sababu unyevu ukinaswa ndani kuvu itamea. Tafuta boksi safi, uviweke mbali na dirisha na mbali na ukuta wa nje, visiguse sakafu kwa ajili ya mchwa, na ukitoa kimoja usivute kwa juu ya mgongo, sukuma vya pembeni ushike katikati. Hicho cha 1912 kifungie kamba pana ya pamba, usikifungue sana. Huwezi kukiponya nyumbani, unaweza tu kukicheleweshea.

WaBusia254:
Lakini mama, si apige picha kurasa zote na simu halafu yaishe? Maneno ndio muhimu. Na mimi nilisoma Mjerumani Gutenberg ndiye alianzisha hii kitu yote ya kuchapa.

MkutubiMstaafu (Kakamega):
Apige picha ndio, hasa hiyo riwaya, tena mapema. Lakini picha haitakwambia karatasi ni ya kitani au ya mti. Haya yote fundi ametueleza hapa ameyasoma kwa karatasi na alama za herufi, hata neno moja la hayo mahubiri hajasoma.

FundiWaChapa (Kisumu):
WaBusia, Wachina na Wakorea walitangulia mbali. Kuna kitabu cha Kibudha kilichapwa Korea 1377 kwa herufi za chuma na sehemu yake bado iko Paris. Gutenberg kule Mainz alichofanya ni kuunganisha vitu: namna ya kumimina herufi nyingi zinazolingana, wino wa mafuta unaoshika kwa chuma, na mashine ya kugandamiza. Biblia yake ilikamilika karibu 1455, inakadiriwa nakala kaa 180 hivi, nyingi kwa karatasi ya matambara na chache kwa ngozi ya ndama, na zimebaki 49 duniani, zingine hazijakamilika. Na yeye mwenyewe hakutajirika, tajiri Johann Fust aliyemkopesha alimpeleka kortini mwaka huo huo wa 1455 na akashinda. Hiyo huwa inaniuma kila nikiikumbuka.

MkaziWaNjoro jaribu hii. Inua karatasi moja ya hicho cha 1783 mbele ya taa, utaona mistari myeupe, niambie imesimama au imelala, na kaa kuna mchoro wowote.

MkaziWaNjoro:
Aisee!! Mistari imesimama wima, iko mbalimbali kidogo, na kati yake kuna mingine midogo sana imelala. Na huku ndani juu karibu na mshono kuna kaa nusu ya taji imekatwa. Pia chini ya kurasa zingine naona herufi, B, kisha B2, B3, B4, halafu kurasa kadhaa hazina, halafu C. Na herufi J haipo kabisa, kutoka I inaruka K, kumepotea kitu?

MkutubiMstaafu (Kakamega):
Hapana, wachapaji walitumia alfabeti ya Kilatini ya herufi 23, I na J zilihesabiwa moja, U na V moja, W haimo. Hizo herufi ni za mfunga vitabu. Karatasi moja kubwa ilichapwa pande mbili, ikakunjwa mara tatu, ukapata majani 8, yaani kurasa 16, ndio maana mistari imesimama na taji limekatwa pale kwa mshono. Hayo majani 8 ni fungu moja, na kila fungu lina herufi yake ili yasichanganywe. Na lile neno linaloning'inia chini ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata, liliwasaidia kupanga kurasa kwa mfuatano. Ile s ndefu nayo ilikuwa kawaida, waliiacha karibu na mwaka 1800. Sasa hesabu majani ya kila fungu, mwanangu, uone kaa kitabu ni kizima.

MkaziWaNjoro:
Nimehesabu mama, yote ni 8 isipokuwa fungu la M, liko na 7. Na pale kati chini kuna neno "which" linaning'inia lakini ukurasa unaofuata unaanza na "Lord". Na nikiangalia kwa mshono naona kijisehemu chembamba cha karatasi kimebaki, kimekatwa na kisu, sawasawa kabisa.

FundiWaChapa (Kisumu):
Hapo kuna mtu alitaka hilo jani. Hebu soma mwisho wa ukurasa wa kabla yake, alikuwa anahubiri juu ya nini?